Maji ya bomba Mwanza: sabuni haitoki mwilini, maharage yanavurugika. Tatizo ni maji au ni mimi?

Mgeni Nyakato:
Wakuu, salaam. Tumehamia Mwanza kifamilia tukitokea Dodoma, ambako tumeishi miaka mingi. Maji ya huku yananichanganya. Nikioga najisuuza mpaka ndoo inaisha, na bado ngozi inateleza kama nimepakwa mlenda. Sabuni ya unga nikitia kipimo nilichozoea, povu linafurika beseni. Ila kilichoniudhi zaidi ni maharage. Niliyabandika na magadi kama siku zote, nikarudi jikoni nikakuta uji wenye maganda yanayoelea.

Halafu asubuhi maji ya kwanza kwenye koki yana rangi ya chai ya rangi, na shati la shule la mtoto limeshapata madoa ya kahawia. Mama mkwe anasema wanazidisha dawa kwenye maji. Ninunue chujio? Nichimbe kisima? Naombeni ushauri.

Ng'wana Igogo:
Kisima cha nini na ziwa hilo hapo? Karibu Mwanza mkuu. Huko ulikotoka mlikuwa mnaoga mawe, sasa umekutana na maji yenyewe, mwili lazima ushangae.

Chaki na Ubao:
Ng'wana Igogo anatania, lakini hajakosea sana. Maji ya Dodoma kwa kiasi kikubwa yanatoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora. Yamekaa ardhini muda mrefu yakiyeyusha kalisi na magnesi. Ndiyo hayo tunayoyaita maji ya chumvi, na darasani tunayaita maji magumu. Ziwa Victoria ni kinyume chake: sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, haikupata muda wa kukaa na miamba. Kwa vipimo vya kawaida, maji yenye chini ya miligramu 60 za ugumu kwa lita huhesabiwa laini, yakizidi 180 ni magumu sana. Ya ziwa yamo kwenye kundi la laini bila ubishi.

Kule sehemu ya sabuni yako ilikuwa inakamatwa na kalisi na kugeuka ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Huku hakuna cha kuikamata, sabuni yote inabaki kazini. Kwa hiyo usiongeze maji ya kusuuza, punguza sabuni.

Na si dawa. Klorini ungeisikia puani, haifanyi ngozi iteleze. Jipimie mwenyewe: chukua chupa, jaza maji nusu, kwangulia sabuni ya mche, utikise. Povu likijaa na maji chini yakabaki karibu safi, ni laini. Yakiwa na mawingu na povu kidogo, ni magumu. Usitumie sabuni ya unga kwa jaribio hili, maana ile imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu.

Mama Pacha:
Dada, magadi weka kabatini. Kule ulikuwa unayahitaji kwa sababu yale maji yanakaza ganda la maharage. Huku loweka usiku, bandika bila magadi, na anza kuyaonja mapema kuliko ulivyozoea. Makande vilevile. Majani ya chai nayo punguza, chai ya huku inakolea haraka na haina ule utando juu ya kikombe.

Shati usilitie jiki! Yale ni madoa ya kutu na jiki inayakoleza zaidi. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, kisha fua. Rudia ikibidi. Birika la umeme utaona lenyewe, halitashika tena ule ukoko mweupe.

Fundi Koki:
Hapo kwenye kutu ndipo penye kazi, wengine mmepita haraka. Nyumba uliyopanga bila shaka ina mabomba ya chuma ya zamani. Maji magumu huacha utando wa chokaa ndani ya bomba, na ule utando hulikinga. Maji laini hayana cha kuacha, yanagusa chuma moja kwa moja na kukila. Yakilala humo usiku kucha yanatoka na kutu asubuhi. Je, yakishatiririka kidogo yanatakata?

Mgeni Nyakato:
Ndiyo, baada ya ndoo moja hivi. Na koki ya uani haina shida kabisa.

Fundi Koki:
Basi jibu unalo. Maji ya mtaani ni mazima, ni kipande cha bomba kinachoingia jikoni. Ndoo ya kwanza pigia deki au mwagia chooni. Chujio litaziba na kutu kila mara, hela ya bure. Badilisha hicho kipande, weka la plastiki.

Mkazi wa Usa River:
Samahani kuingilia. Sisi huku Arusha sabuni inatoa povu vizuri tu, mbona watoto wana meno ya kahawia?

Chaki na Ubao:
Hayo ni madini ya floridi, na laini haimaanishi salama. Kwenye miamba ya volkano, maji yenye kalisi kidogo mara nyingi ndiyo yanayobeba floridi nyingi, kwa kuwa kalisi ndiyo ingeizuia isiyeyuke. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Kapimishe maji maabara, na uliza kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa, huko kwenu vinajulikana.

Mgeni Nyakato:
Na mifupa ya watoto? Mama mkwe sasa kahamia huko, anasema maji haya hayana nguvu.

Mama Pacha:
Mwambie kalisi tunaila, hatuitegemei kwenye bomba. Mko Mwanza, wapeni dagaa wazima na miba yake.

Mgeni Nyakato:
Asanteni wote. Maharage ya jana yametulia. Mwenye nyumba nimempigia kuhusu bomba, anasema tukate kwenye kodi nusu kwa nusu. Nakubali au nakomaa alipe yote?

Fundi Koki:
Komaa. Bomba ni lake.