Naomba ushauri: barua ya 1831 yenye neno "Ijumaa" tu

Habari zenu wanajamvi, na shikamooni wakubwa. Naandika tasnifu ya historia kuhusu barua za familia za makabaila wa Uingereza, na nimekwama kwenye barua moja.

Mke wa lodi anamwandikia dada yake. Anaeleza habari za mtoto aliyezaliwa "juzi" na homa ya mzazi, kisha, bila hata kuanza aya mpya, anasema ngome ya Nottingham imechomwa moto na mumewe ameagiza madirisha ya chini yapigiliwe mbao. Uzazi na hofu ya ghasia vimekaa pamoja, ndiyo maana naithamini sana barua hii. Tatizo ni tarehe: juu kuna "Ijumaa" tu.

Jengo hilo la Duke wa Newcastle lilichomwa Jumatatu, 10 Oktoba 1831, siku mbili baada ya malodi, yaani baraza la juu la Bunge, kuukataa muswada wa mageuzi ya uchaguzi, jambo lililozua ghasia. Ghasia za mji wa Bristol, za sababu hiyohiyo, zilianza tarehe 29, na mwandishi wa barua hazitaji kabisa. Zinabaki Ijumaa za tarehe 14, 21 na 28. Karatasi ya nje, ambayo lodi aliandika tarehe kwa mkono wake ili barua isilipiwe posta (haki ya malodi wakati ule), imepotea. Kitabu cha parokia kina siku ya ubatizo, si ya kuzaliwa.

Je, kimya chake kuhusu Bristol kinatosha kuwa ushahidi? Na matangazo ya uzazi katika magazeti ya London ya wakati ule, aliyewahi kuyatumia aliona tarehe zake zinaaminika?