Fundi gata kamwaga maji yote ya paa kwenye msingi wangu, halafu anasema kazi imeisha

Wakuu, heshima zenu. Mnivumilie kwa urefu, kifua kimejaa.

Nyumba yangu ipo Goba, kwenye mteremko. Vyumba vitatu, nimeijenga miaka sita kwa mshahara, na aliyejenga hivyo anajua ninachosema. Kilichobaki ilikuwa gata na mabomba ya kushushia maji kabla mvua za masika hazijachanganya. Mwenye duka la vifaa ninayenunua kwake tangu msingi akaniunganisha na fundi: "Huyu kijana wangu, gata ndiyo kazi yake." Nikaamini. Nikatoa hela ya mabomba mapya mawili ya inchi 4, elbo, klampu, skrubu na gundi. Ufundi nao nikalipa wote kabla ya kazi, kwa sababu aliniambia ana mgonjwa nyumbani.

Siku mbili za kazi sikuwepo, nilikuwa kibaruani. Niliporudi jioni ya pili giza limeingia, nikaona gata imezunguka nyumba na mabomba yameshuka ukutani, nikashukuru Mungu.

Mvua kubwa ya kwanza ilishuka saa tisa usiku. Nikashtushwa na maji yanavyopiga ukuta wa chumba anacholala mama yangu, kama mtu anamwaga ndoo juu ya ndoo bila kupumzika. Nikatoka na tochi ya simu. Bomba lilikuwa linavuja kila lilipoungwa, maji yanafuata plasta, yanaingia chini ya dirisha. Ndani godoro la mama limelowa upande mzima. Mama ana miaka 74, amekaa kitandani na kanga yake mabegani ananiambia, "Usijali mwanangu, nitalala sebuleni." Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo mpaka leo haijatoka.

Asubuhi nikapanda ngazi. Wakuu, kutoka kwenye gata mpaka chini ni mita 3 tu, na bomba hilo lina vipande VITANO! Bomba jipya lina kama mita 6. Ukilikata katikati unapata mashuko mawili mazima, bila kiungo hata kimoja pale ukutani. Mimi nimelipia mawili. Yako wapi? Alivyonifungia ni mabaki ya saiti nyingine. Kipande kimoja kina simenti imeganda kwa ndani, kingine kina rangi ya kijani, kingine kina tundu lililozibwa na silikoni. Ncha amezipanua kwa moto, masizi bado yapo, nimeyagusa na kidole kikatoka cheusi.

Halafu viungo vyote kavigeuza. Bomba la juu linatakiwa liingie ndani ya lile la chini, yaani mdomo mpana utazame juu upokee maji. Yeye kaweka mdomo mpana unatazama chini, na gundi hakuweka. Kwa hiyo maji yakishuka yanapita nje ya kipande kinachofuata na kuchuruzika ukutani. Hili halihitaji cheti cha VETA. Mtoto anayecheza na maji bombani analijua.

Klampu nimekuta mbili. Kwingine kafunga kwa waya wa nondo na misumari ya inchi tatu aliyoigongea kwenye plasta mpaka ikapasuka.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni huku chini. Mwisho wa bomba hakuna elbo, hakuna mfereji, hakuna hata jiwe. Limekatwa tu, linatazama kona ya msingi. Nikakaa nikapiga hesabu. Upande ule wa paa una kama mita za mraba 66. Mvua ya milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ikinyesha milimita 40, na kwa masika ya Dar hilo si jambo la ajabu, ni lita 2,640. Zaidi ya simtank ya lita 2,000 imejaa, yote inamiminwa sehemu moja! Zamani bila gata maji yalidondoka yametawanyika kwenye ukingo wote wa paa. Sasa yamekusanywa yakaletwa pale pale nyumba inaposimamia. Kuna shimo, nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na nimegusa zege la msingi.

Udongo uliochimbika umeshuka kwa jirani yangu wa bondeni, mama mtu mzima. Alikuja mwenyewe, akapiga hodi, akasema taratibu, "Baba, tope lako limeingia jikoni kwangu." Nilitamani ardhi inimeze. Nilikwenda kulizoa mimi na kijana wangu, koleo kwa koleo.

Gata yenyewe mteremko kaupeleka kinyume, maji yanatuama mwisho usio na bomba. Siku ya tano niliona viluwiluwi vya mbu vinacheza mle. Tuliougua dengi mwaka 2019 hatulichukulii hilo kirahisi.

Nimempigia fundi. Jibu: "Bosi, mvua ilikuwa kubwa, hiyo kawaida." Kawaida! Gata inafungwa kwa ajili ya nini kama si mvua kubwa? Tangu hapo kila siku ni kesho, sasa hapokei kabisa. Mwenye duka naye anasema, "Mimi niliwaunganisha tu, malizaneni wenyewe." Alipokuwa anahesabu hela yangu ya mabomba mawili hakusema hivyo.

Kwa anayejua: yale maji nikiyapeleka kwenye simtank, bomba la kumwagia maji baada ya tanki kujaa nilipeleke umbali gani kutoka ukutani kwenye eneo la mteremko kama letu, nisimuumize tena jirani? Naomba majibu ya waliofanya, na fundi wa kweli wa Goba au Madale aje inboksi. Safari hii kila bomba nalinunua mwenyewe na nalipa baada ya mvua kunyesha.

Vile vipande vitano nimevifungua jana. Nimevitia kwenye kiroba na risiti ya mabomba mapya, Jumamosi navipeleka dukani, navimwaga juu ya kaunta mbele ya wateja wake.