Nachora ukuta wa mtaa ulionipokea Chikongola: nitie saini kwa jina gani?

Fundi wa Vibao, Mtwara mjini:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mimi ni mwandishi wa vibao na mchoraji, na makazi yangu ni Chikongola. Nilizaliwa katika uwanda wa juu wa Mueda, Msumbiji, nikavuka Ruvuma kwa mtumbwi pamoja na mama yangu mwaka 1988, nikiwa na umri wa miaka 14, wakati wa vita vile vilivyokuja kumalizika mwaka 1992. Makaratasi yangu yalikamilika zamani, kwa hiyo swali langu halihusu sheria.

Jirani mwenye ghala la zamani la korosho amenipa ukuta wake wa nje, wenye urefu wa mita 14 na kimo cha mita 3, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameridhia. Nimeamua kuuchora mtaa wenyewe, kwa kuwa nina shukrani ambayo sijawahi kuitamka: wazee wa bao, mama anayechoma vitumbua alfajiri, na akina mama wanaobangua korosho uani huku vidole vyao vimepakwa majivu ili utomvu wa maganda usiwaunguze.

Kinachonisumbua ni saini. Nilipofika, watoto wenzangu waliniita Mmawia, jina ambalo huku walipewa Wamakonde waliotoka ng'ambo ya mto, na mara nyingi lilitamkwa kwa dharau. Baadaye, nilipoanza kuandika vibao vya maduka na saluni, watu wakazoea kuniita Fundi Msumbiji. Je, nikiliweka jina hilo kwenye ukuta wa kushukuru, sitakuwa ninatangaza kwamba bado ni mgeni? Na nikiandika jina langu la kuzaliwa, ni nani mtaani atakayelitambua? Aidha, nauliza kama inafaa kuuchora mto Ruvuma, au nibaki na Chikongola peke yake. Mwisho, ukuta huo unatoa chumvi sehemu ya chini, na ningependa ushauri wa mafundi.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani:

Mdogo wangu, nimeisoma mada yako mara mbili. Nianze na mto, maana jibu la jina linatokea hukohuko. Ruvuma uligeuzwa mpaka na Wajerumani na Wareno, lakini Wamakonde wa uwanda wa Newala na wale wa uwanda wa Mueda waliendelea kuvuka kwenda kuoa na kwenda kuzika. Uchore mto, wala usiuonee haya.

Isitoshe, wachoraji wakubwa waliotoka kusini kwetu walikuwa wahamiaji katika mitaa waliyoishi. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya vipande vya silingibodi kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa aliokuwa amewafundisha waliuendeleza mkono wake. Mfano wa pili kwangu una uzito zaidi. George Lilanga, aliyezaliwa Kikwetu, Masasi, mwaka 1934, alianza kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, akiwa mlinzi, kabla haijafahamika kuwa alikuwa fundi wa kiwango kile. Ukizitazama picha zake utawaona mashetani wa Kimakonde, wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, wakifanya shughuli za kila siku za watu wa mjini. Hakuwaacha Masasi ili akubalike Dar es Salaam. Alikwenda nao, akawapa makazi huko. Kwa sababu hiyo, mimi ningekushauri utie saini kwa jina lako la kuzaliwa, ili Mueda nako kutajwe ukutani.

Mkazi wa Masasi:

Mwalimu, shikamoo. Habari za Lilanga naziafiki kabisa, ila kuhusu mto naomba kutofautiana nawe. Ukuta ukianza na vita na mtumbwi, mpita njia atamwonea fundi huruma, na mtu anayeonewa huruma bado hajahesabiwa kuwa jirani. Kama mto ni lazima uwepo, uwe mwembamba, kwa mbali, nyuma ya mikorosho.

Mpaka Rangi, Lindi:

Salamu kutoka Lindi. Nimepaka nyumba za pwani kwa miaka mingi, na nawahakikishieni kwamba ukuta usipotibiwa, picha itadumu masika moja tu. Chumvi hiyo nyeupe inaletwa na maji yanayopanda kutoka ardhini: maji hukauka usoni pa ukuta, chumvi ikabaki na kuisukuma rangi mpaka itoe malengelenge. Usiioshe kwa maji, kwa sababu utairudisha ndani. Ikwangue ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, baada ya kuziba njia ya maji, hasa kama paa linamwaga mvua kwenye msingi. Plasta mpya ya saruji iache ikae siku 28.

Usitumie rangi ya mafuta unayoandikia vibao, kwani huuziba ukuta na unyevu ukakosa pa kutokea. Tumia rangi ya maji ya kuta za nje. Chini kabisa acha mkanda wa kama sentimita 50 usio na picha, uupake chokaa iliyochanganywa na bluu ya kufulia kidogo. Ukichakaa utaupaka upya bila kugusa nyuso za watu. Kwa jua letu, nyekundu na njano kali nyingi hupauka mapema, lakini rangi za udongo, kama kahawia na nyekundu ya kutu, huvumilia. Anza mwezi Juni, mvua zikishakatika.

Binti wa Chikongola:

Kaka Fundi, kuna jambo hukulitaja, na nadhani ni kwa unyenyekevu wako. Baba yangu alipofariki, tulirudi kutoka makaburini bila kuweka kibao, kwa kuwa katika msiba ule hakuna aliyekumbuka. Kesho yake asubuhi ulikuja na ubao uliokwisha kuupiga msasa, ukaketi barazani kwetu, ukaandika jina lake na tarehe zake mbili kwa rangi nyeusi. Jina lake linaanza kwa herufi S, nawe uliipa ule mkia unaojikunja kama ndoano, uleule ulio kwenye kibao cha saluni ya kona. Ulikataa hela, ukapokea kikombe cha kahawa, ukakaa matangani na wanaume wengine siku zote tatu. Mama yako naye alipotangulia mbele ya haki, wanaume wa mtaa huu ndio waliochimba kaburi, na sisi wanawake ndio tuliopika. Mtu tuliyezikana naye tunamwitaje mgeni?

Hapa mtaani likitajwa jina la Fundi Msumbiji, hakuna anayeifikiria nchi. Tunamfikiria mtu anayekaa nyuma ya msikiti, ambaye baiskeli yake ina madoa ya rangi kila mahali. Namheshimu sana Mwalimu, lakini jina la kuzaliwa ukiliandika pale, watoto wataulizana huyo ni nani.

Nina ombi moja. Mama yako alikuwa akibangua korosho pamoja nasi uani, na chale zake usoni tulizizoea kama tulivyozoea sauti yake. Mchore pale alipokuwa akikaa.

Fundi wa Vibao, Mtwara mjini:

Dada yangu, imenibidi niondoke kwanza, nirudi jioni ndipo niweze kukujibu. Sikujua kwamba kuna mtu aliyeutazama mkia wa ile S.

Mama nitamchora. Chale za Mueda zilichanjwa, kisha zikapakwa makaa ya mbarika, na kidonda kikipona ngozi hubaki na rangi ya bluu iliyokolea. Kwa hiyo nitachanganya bluu na nyeusi kidogo, nisitumie nyeusi tupu kama nilivyokuwa nimepanga. Mto nitauweka kwa mbali, alivyosema ndugu wa Masasi, lakini upande ule ambao mama ameelekeza uso, na natumaini Mwalimu ataridhika. Kuhusu rangi ya maji na mkanda wa bluu, nimepokea, na ukuta nitaanza kuukwangua wiki ijayo ili Juni inikute tayari.

Saini itakuwa juu kidogo ya mkanda huo: Fundi Msumbiji, Chikongola.

Kabla ya hapo, dada, naomba uniulizie akina mama kama wameridhia nyuso zao zichorwe, na wakubaliane wenyewe ni nani aketi karibu na mama yangu.