Homa ya Akinyi: kikundi cha Ukoo, Manyatta

Mama Akinyi: Habari za asubuhi wapendwa. Akinyi ana joto 38.6 tangu jana jioni, na vidole vinamuuma. Naona lupusi, ule ugonjwa wake wa kinga kushambulia mwili wenyewe, imeamka. Nimwongezee prednisoloni, dawa yake ya kutuliza kinga?

Mercy (muuguzi): Pole sana dada. Usiongeze, usipunguze. Huku Kisumu homa ya mtu wa lupusi ni malaria mpaka kipimo kikatae. Apimwe leo. Dawa zake zinashusha kinga, na prednisoloni huficha homa, kwa hiyo 38.6 yake ni nzito.

Mama Akinyi: Lakini anameza haidroksiklorokwini, si ni ya malaria?

Otieno (mfamasia): Vimelea vya hapa vilizoea klorokwini, Kenya ikaiacha 1998, na hii ni ndugu yake. Kwa Akinyi inatuliza lupusi tu. Alale ndani ya neti. Malaria ikionekana, mtajieni daktari haidroksiklorokwini kabla ya kupewa Coartem, dawa ya malaria, maana zikikutana zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mercy: Ombeni pia kipimo cha jumla cha damu na protini kwenye mkojo. Lupusi ikiamka, chembe nyeupe mara nyingi hushuka. Bakteria wakiingia, hupanda. Ila prednisoloni nayo huzipandisha, ndiyo maana jibu la kipimo kimoja halitoshi kuamua. Mkojo usiachwe: lupusi hula figo bila maumivu yoyote. Povu kwenye mkojo na miguu kuvimba huja baadaye.

Shangazi Rose: Nina Septrin na Brufen hapa, nitume na boda?

Otieno: Hapana shangazi, tafadhali. Septrin ina salfa, inaweza kuamsha lupusi yenyewe. Brufen inabana damu inayoingia kwenye figo. Panadol inatosha: mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa siku.

Mama Akinyi: Ametapika dawa zote za asubuhi. Amelegea.

Mercy: Basi ondokeni sasa hivi! Anameza prednisoloni kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni kama hiyo, zimelala. Dawa ikikatika ghafla, presha inaanguka. Anahitaji haidrokotisoni ya sindano, mbadala wa prednisoloni aliyoitapika. Msiende zahanati, nendeni hospitali yenye chumba cha dharura. Beba pakiti zote na kitabu cha kliniki. Mlangoni sema: lupusi, prednisoloni kila siku, ametapika.

Mama Akinyi: Tuko kwa tuktuk.

Mercy: Mlaze ubavu. Nipigie mkifika.