Tupeane uzoefu: nini kilimkwamisha au kumsaidia mwanao kumaliza chanjo?

Wazazi wenzangu, habari za leo. Ile ya kifua kikuu na matone ya polio wengi tunaipata mtoto akizaliwa tu. Za wiki 6, 10 na 14 nazo tunajitahidi. Wanakopotelea watoto ni kwenye surua, hasa ile ya pili, ambayo ratiba nyingi huiweka miezi 15 hadi 18, wakati mtoto keshakimbia na kliniki imeshasahaulika. Nyie mlikwama wapi? Semeni, hapa hatuhukumiani.

Mama Pacha: Mimi nilirudishwa. Mmoja mgongoni, mmoja mkononi, nafika naambiwa watoto leo ni wachache, chupa haifunguliwi, njoo siku nyingine. Sababu sikuelezwa. Ruhusa ya kazini nilishaitumia, na bosi hatoi mbili kwa mpigo. Walichanjwa, ila kwa kuchelewa sana.

Nesi wa Watoto: Pole mno, dada. Surua mara nyingi huja kwenye kichupa cha dozi 10, ni unga tunaouchanganya na maji yake. Ukishachanganywa, baada ya saa 6 kinachobaki kinamwagwa, ndiyo maana wengine wanangoja watoto wafike wengi. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mimi naunga mkono kabisa. Dozi inayomwagwa ina nafuu kuliko mama asiyerudi.

Baba Junior: Kwetu ilikuwa homa. Sindano ya kwanza, usiku kucha mtoto anachemka, paja limevimba, mama mkwe akasema basi, inatosha. Zamu iliyofuata tukaenda naye. Nesi akamkalisha, akamweleza taratibu kwamba homa ile ni mwili unajifunza kupambana. Sasa yeye ndiye anayetukumbusha tarehe!

Mgeni Hapa: Kadi ilipotea tukihama. Siku hizi naipiga picha kila baada ya chanjo.

Mama Nuru: Nesi, wangu ana miaka 2, ile ya pili ya surua hakupata, alikuwa na mafua. Tuanze upya?

Nesi wa Watoto: Hapana, anaendelea alipoishia. Na mafua madogo hayazuii chanjo. Dozi ya miezi 9 peke yake hukinga takriban watoto 85 kati ya 100, kwa hiyo mpeleke wiki hii, na kadi yake.