Naomba ushauri: siku sita za baiskeli ya milimani na binti yangu katika Massif Central

Baba_wa_Dodoma:
Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Lyon, na tangu binti yangu atimize miaka 15 tumekuwa tukiendesha baiskeli kila Jumamosi kwenye vilima vya Monts d'Or vilivyo nje kidogo ya jiji. Amekomaa katika kushuka kuliko mimi, na sasa ananiomba tufanye safari ya kweli, ya kulala njiani na kuamkia mahali pengine.

Nimesoma habari za Grande Traversée du Massif Central, ile njia ya baiskeli yenye urefu wa kilomita 1,380 hivi inayoanzia Avallon, ikapita nyanda zote za juu za katikati ya Ufaransa na kuishia baharini, Cap d'Agde. Sisi tunao muda wa siku sita tu, katika likizo ya shule ya mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo lazima tuchague kipande. Nimebaki kati ya sehemu mbili: volkano za Auvergne, au Mont Lozère na nyanda zilizo kusini yake. Nilikuwa nimepanga kilomita 60 kwa siku. Goti langu la kushoto lina historia ya maumivu, nami nafikiria kukodi baiskeli yenye mota, ila binti asingependa baba yake apande kwa msaada wa umeme huku yeye akikanyaga kwa nguvu zake. Naomba mnishauri, hasa wale mliowahi kupita huko na vijana wa umri huu.

Mwana_wa_Bukavu:
Kaka, karibu sana. Mimi nakaa Clermont-Ferrand, na volkano hizo naziona dirishani, kwa hiyo nitazisemea kwa upendo lakini bila kukuficha jambo. Chaîne des Puys ni mstari wa volkano zipatazo 80, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Njia nyingi zimekaa juu ya changarawe nyeusi na nyekundu ya volkano, ambayo hunywa maji upesi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unaendesha bila tope jingi. Kwa kijana ni mahali pazuri mno. Tatizo linaanza ukielekea kusini, kwenye Sancy inayokaribia mita 1,900, na baada yake Cézallier, ambayo ni malisho matupu yasiyo na mti wa kukukinga na upepo. Mwishoni mwa Oktoba ukungu unaweza kukaa huko siku nzima, na theluji ya kwanza si jambo la kushangaza.

Kuhusu kilomita 60, naomba uzifute. Huku hatuhesabu umbali, tunahesabu mita za kupanda. Mtu aliyezoea matembezi ya Jumamosi atosheke na mita 800 hadi 1,000 za kupanda kwa siku, ziwe ndani ya kilomita 25 au ndani ya 45. Siku ya kwanza mwili unadanganya. Ni asubuhi ya tatu ndipo utakapojua kama ulipanga vizuri.

Dada_wa_Pwani:
Shikamoo kaka. Nimezaliwa Mombasa na ninaishi Montpellier, na Mont Lozère nimeivuka kwa baiskeli mara nne, mara moja nikiwa na mpwa wangu wa miaka 14. Ushauri wangu wa kwanza ni kuhusu tarehe kabla ya kuwa wa njia. Tafadhali usiende Cévennes, yaani milima ya kusini ambamo Mont Lozère imo, mwishoni mwa Oktoba na mtoto. Majira ya vuli hewa ya joto yenye unyevu hutoka Bahari ya Mediterania, ikagonga milima hii na kupanda, kisha humwaga maji yote mahali pamoja. Mwezi Septemba 2020 kijiji cha Valleraugue, chini ya Mont Aigoual, kilipata zaidi ya milimita 500 za mvua kwa siku moja. Wewe ni mtu wa Dodoma, unajua kwamba hicho karibu ndicho kipimo cha mwaka mzima nyumbani kwenu. Vijito ambavyo asubuhi unavivuka kwa kuruka mawe, jioni vinabeba magari. Tena huo ni msimu wa wawindaji, na nyumba nyingi za wageni zinaanza kufungwa.

Ukiweza kuhamishia safari mwanzoni mwa Julai, shule zikishafungwa, au kwenye siku za mapumziko ya mwezi Mei, utapata siku ndefu, na chemchemi bado zina maji. Hapo ndipo nitakuambia chagua Lozère bila kusita, kwa sababu ndani ya siku chache ardhi inabadilika chini ya magurudumu mara tatu, na kila mara unajifunza upya namna ya kuendesha.

Shukeni kwenye treni La Bastide-Saint-Laurent-les-Bains, kwenye reli ya Clermont-Ferrand hadi Nîmes. Kituo kiko juu ya mita 1,000, kwa hiyo hamuanzi bondeni. Siku ya kwanza nendeni taratibu hadi Le Bleymard. Siku ya pili ni Mont Lozère yenyewe: kilele chake, Finiels, kina mita 1,699, na huko juu ni mawe makubwa ya granito, nyasi na anga tu. Mtaona nguzo za mawe zilizosimikwa kandokando ya njia, nyingine zikiwa zimechongwa msalaba. Ziliwekwa zamani kuwaongoza wasafiri katika ukungu na theluji, na siku ya ukungu bado zinafanya kazi hiyohiyo. Mteremko wa kwenda Le Pont-de-Montvert ni mrefu, una ngazi za mawe na mchanga wa granito unaoteleza kama punje za mahindi. Binti ataufurahia. Wewe simama kila baada ya muda upumzishe mikono na uache breki zipoe. Safari yangu ya kwanza nilishuka bila kusimama hata mara moja, pedi za nyuma zikaisha nikiwa sina nyingine, nikatembea kwa miguu saa mbili nikiburuta baiskeli.

Siku ya tatu fuateni bonde la mto Tarn hadi Florac, mlale mapema, kwa maana siku ya nne mnapanda ukingo wa Causse Méjean, karibu mita 500 kwenda juu, na huko hakuna mto wala kisima. Ni uwanda wa mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha inazama yote ardhini. Vidimbwi vilivyotandikwa mawe mtakavyoviona ni vya kunyweshea kondoo. Bebeni lita tatu kila mtu kutoka Florac, na msiseme mtajaza mbele. Jiwe la chokaa likilowa ni hatari kuliko granito, basi kukiwa na mvua teremkeni Meyrueis kwa barabara ya lami. Siku ya tano, mwenye nguvu apande Aigoual, goti likikataa mpumzike. Siku ya sita ni kuteremka korongo la Jonte hadi Le Rozier na kufuata Tarn hadi Millau, takriban kilomita 42 za barabarani. Tumbusi walirudishwa kwenye majabali ya Jonte kuanzia mwaka 1981, na mara nyingi wanapita chini kiasi cha kusikia upepo wa mbawa zao.

Fundi_Magurudumu:
Naongezea ya ufundi. Wekeni matairi mapana yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba matundu, na bado mbebe tyubu moja kila mmoja kwa ajili ya tairi lililochanika ubavuni. Bebeni pedi za breki jozi mbili, kiungo cha mnyororo na kining'inizo cha dereila (kile kipande kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma) cha fremu yenu hasa, kwa kuwa hicho hakifanani baina ya baiskeli na baiskeli na duka la kijijini haliwezi kuwa nacho.

Kuhusu mota, kaka, chukua. Kisheria msaada wake hukoma ukifika kilomita 25 kwa saa, na kwenye miamba bado utakanyaga sana. Goti lililovimba siku ya pili litamharibia binti safari kuliko mota. Uliza tu, kabla ya kulipia vyumba, kama mnaruhusiwa kuchaji betri usiku, maana nyumba nyingine zinakataza kuchaji ndani kwa hofu ya moto.

Mwana_wa_Bukavu:
Nimemsoma dada na nakubali kwamba Julai ni Lozère. Neno moja kuhusu mbwa. Wafugaji wanaweka mbwa wakubwa weupe katikati ya kondoo kwa sababu mbwamwitu wamerudi. Mkiona kundi, shukeni, tembeeni mkizunguka mbali, na baiskeli iwe kati yenu na mbwa. Msikimbie na msimtazame machoni. Atawanusa, ataridhika, atarudi kwa kondoo wake. Na kila lango la malisho mlilokuta limefungwa, lifungeni nyuma yenu.

Baba_wa_Dodoma:
Nawashukuru kutoka moyoni. Marahaba, dada. Nilimsomea binti maneno yako kuhusu mvua, akanyamaza, kisha akasema tungoje Julai. Mota nitakodi, yeye ameweka sharti kwamba kwenye mteremko nisimtangulie. Nimebakiwa na maswali mawili: je, tunaweza kulala hemani ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Cévennes ambayo njia hii inaipita, na je, treni zinapokea baiskeli?

Dada_wa_Pwani:
Katika eneo la ndani la Hifadhi ya Cévennes mnaruhusiwa kupiga hema dogo usiku mmoja kandokando ya njia kuu za safari, kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu asubuhi, bila kuwasha moto. Msitoke nje ya njia kwa baiskeli. Lakini kwa Le Bleymard na Meyrueis wekeni nafasi ya chumba chenye chakula cha jioni, kwa simu na si kwa barua pepe, na mtaje tangu mwanzo kwamba hamli nguruwe, kama hamli, kwa sababu vyakula vya huko vina soseji nyingi. Treni za mikoa zinapokea baiskeli, ila kutoka Millau kwenda Béziers ni chache mno kwa siku. Tazama ratiba ya kurudi kwanza, ndipo upange saa ya kuondoka Meyrueis.