Majirani wa Mferejini (Maji, Ulinzi, Misiba)

JUMATANO

Mama Doreen, 06:12
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Jamani, bango kwenye kiwanja cha kona mmeliona? Limewekwa juzi jioni, mgomba umelifunika. Nimesogeza majani nikasoma mwenyewe. KUSUDIO LA KUBADILI MATUMIZI YA ARDHI. Kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Ghorofa nne, nyumba 16 za kupangisha, chini fremu za maduka. Mwenye pingamizi aandike kwa Mkurugenzi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Mama Doreen, 06:13
[Picha]

Mama Doreen, 06:40
Naona tiki za bluu tisa. Hakuna mwenye mdomo?

Baba Glory, 07:05
Picha ina kidole.

Mama Doreen, 07:06
Soma panapoonekana.

Fundi Hemedi, 07:21
Mlima ndio basi tena 🤣 Kibo tutaiona kwa kiingilio kama wageni

Kelvin, 07:24
Fremu zikiwepo nawahi moja. Kinyozi huku hakuna aisee

Mama Doreen, 07:30
Kelvin mwanangu, nyamaza kwanza. Sikilizeni wote. Njia yetu gari la taka likiingia, wengine tunasubiri litoke ndipo tupite. Nyumba 16 zina magari mangapi? Na huku bomba la maji taka halijafika, kila mtu na shimo lake. Choo cha familia 16 kinaingia shimo gani, na kisima cha kina Baba Glory kiko hapo chini? Msidanganyike kwamba tutasemea kwenye kibali cha ujenzi. Hicho ni kitu kingine, kinakuja baadaye. Hapa wanaomba matumizi. Yakishabadilishwa, wewe wa makazi ndiye unayeonekana mgeni. Nimeandaa barua. Nataka saini kumi na tano.

Mama Doreen, 09:02
Jamani?

Mama Ivan, 09:47
Ubarikio wa Glory ni tarehe ngapi? Mchango namtumia nani?

Baba Glory, 09:48
Nitumie mimi mama, namba ni hiihii. Mungu akubariki.

Fundi Hemedi, 09:50
Na mimi natuma jioni

Kelvin, 09:50
Nimetuma ✅

Fundi Hemedi, 09:51
Mbege ipo lakini?

Mama Doreen, 09:55
Kwenye nyama na mbege wote mko macho.

Happy (Dar), 11:16
Da Mama Doreen pole. Sinza ilianza hivihivi. Ilipimwa miaka ya 70, kiwanja kimoja familia moja. Likaja ghorofa moja, watu wakasema ni moja tu. Leo ukianika nguo uani watu wa juu wanakuhesabia. Na mkague anajenga nani, ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 msilisahau.

Fundi Hemedi, 11:20
Twendeni Baraza la Kata wamwite ajieleze

Happy (Dar), 11:24
Baraza la Kata tangu 2021 halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Na hapa hakuna kesi fundi. Pingamizi ni karatasi. Andikeni karatasi.

Sista Rehema, 13:08
Samahanini, mimi ni mpangaji, sina kiwanja, lakini niseme. Nilitafuta chumba karibu na hospitali ya KCMC miezi minne. Kila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, choo cha nje. 2022 nilikuwa karani wa sensa, kuna chumba nilihesabu watu saba. Moshi mjini mwaka 2012 tulikuwa 184,292, mwaka 2022 tukapita laki mbili na elfu ishirini, na mji ni kilomita za mraba 59 hivi. Kusini miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, huku Msitu wa Rau. Tusipokwenda juu tunakwenda wapi?

Kelvin, 13:10
Sista 👏👏

Mama Doreen, 13:19
Sista hakuna anayekufukuza. Ajenge ghorofa moja, hata mbili, za kuishi watu. Nne na maduka ndiyo ninayokataa.

Baba Glory, 13:33
Mama Doreen, vile vyumba vitano vya uani kwako vya kupangisha, bango lake liliwekwa lini?

Fundi Hemedi, 13:34
Naleta kigoda nikae

Mama Doreen, 13:50
Baba Glory, ya 2014 tuliyamaliza.

Baba Glory, 13:51
Uliyamaliza wewe.

Mama Ivan, 13:58
Jamani tuna watoto humu.

Babu Meku, 19:40
Naandikiwa na mjukuu. Nimesomewa yote. Hicho kiwanja cha kona kilikuwa kihamba, shamba la ukoo, cha rafiki yangu. Mfereji ulipita katikati, na zamu za maji nilikuwa nagawa mimi. Mwanawe alipotaka kuuza alipita mlango kwa mlango akiwaomba ninyi mnunue kwanza. Mkamwambia hamna hela, mwezi uleule mkanunua magari. Basi amenunua mtu wa mbali, na mtu wa mbali hajui mfereji. Barua nitaitia dole gumba kwa ajili ya kinyesi kisishuke kisimani. Huo Mlima mnaousema nimeutazama vya kutosha. Lakini dole langu litafuata ukuta wa Mama Doreen. Urudi nyuma mita moja na nusu, mfereji upite. Kila masika maji yanalala sebuleni kwangu tangu huo mwaka mnaosema mmeyamaliza.

Fundi Hemedi, 19:52
*Ujumbe huu umefutwa*

Happy (Dar), 20:30
Shikamoo Babu. Tumekusikia.

Mama Ivan, 20:31
Shikamoo Babu 🙏🏾

Mama Doreen, 21:44
Shikamoo Babu. Nimesikia.

ALHAMISI

Mama Doreen, 06:20
Barua inasainiwa Jumamosi saa kumi jioni, nyumbani kwangu. Chai ipo.

Mama Ivan, 08:15
Jumamosi tuna maziko Machame, umesahau? Hiace imeshakodiwa.

Mama Doreen, 08:16
Basi Jumapili baada ya ibada ya pili.

Baba Glory, 08:40
Nitakuja. Ila tusikae sebuleni kwako, tukutane pale ukutani. Babu alete kamba yake ya kupimia.

Kelvin, 08:42
Jumapili Simba na Yanga

Fundi Hemedi, 08:42
Kweli tupu

Sista Rehema, 10:05
Nina zamu. Na sitasaini ikisema hatutaki ghorofa. Ikisema shimo la choo na maegesho nitasaini.

Mama Doreen, 10:11
Sista nitumie hayo maneno, nitayaweka mwanzo.

Mama Doreen, 16:27
Nina saini nne. Happy wa Dar sijui kama anahesabika.

Mzee wa Duka, 17:50
Bango gani hilo?

Mama Doreen, 17:58
Panda juu usome. Fundi Hemedi, ukitoka kazini nipigie. Siyo humu.

Fundi Hemedi, 20:13
Nimekupigia dada hupokei. Uliza kwanza msingi wa huo ukuta ulishuka futi ngapi, maana saruji ya sasa hivi siyo bei ya 2014